Vihusishi vya Kifaransa: Unapotaka Kusema "-ni" na "kwa"

Mtahiniwa, soma kwanza sentensi hizi tatu za Kiswahili:

Niko sokoni.
Nakwenda sokoni.
Natoka sokoni.

Neno "sokoni" halikubadilika hata kidogo. Kiambishi "-ni" kimebaki palepale, na kazi ya kueleza kama mtu yupo, anaelekea au anaondoka imefanywa yote na kitenzi. Sasa tazama Kifaransa:

Je suis au marché.
Je vais au marché.
Je viens du marché.

Mbili za kwanza zinafanana, ya tatu imebadilika. Mtahiniwa anayefikiri kwa Kiswahili huandika "je viens au marché", akiamini kwamba "au marché" maana yake ni "sokoni". Sivyo. Sentensi hiyo inasema kwamba mtu anakuja sokoni, yaani kinyume kabisa cha alichokusudia mwandishi. Katika swali la kujaza nafasi atapoteza alama moja. Katika barua au insha atakuwa amempeleka msomaji upande usio wake, na kosa hilohilo litajirudia katika kila aya.

Kifaransa hakina neno moja lenye maana ya "-ni", wala hakina neno moja lenye maana ya "kwa". Ndiyo maana hatutaanza na orodha ya kukariri isemayo "à" ni hivi na "de" ni vile. Orodha hizo unazo katika madaftari tangu kidato cha kwanza. Tutaanza na kile unachotaka kusema kwa Kiswahili, kisha tutauliza maswali yatakayokufikisha kwenye kihusishi kinachofaa.

"À" na "de" zinapokutana na "le" na "les"

Kuwapo mahali na kwenda mahali, Kifaransa hutumia "à". Kutoka mahali, hutumia "de". Hapo hapana ugumu. Ugumu huanza pale nomino inapotanguliwa na vineno "le", "la", "l'" au "les", ambavyo katika sura hii tutaviita vibainishi. "À" na "de" huungana na viwili kati ya hivyo, nazo ni hizi tu:

à + le = au
à + les = aux
de + le = du
de + les = des

"La" na "l'" haziunganiki na chochote. Kwa hiyo tunasema "à la mosquée" (msikitini), "à l'église" (kanisani), "à l'hôpital" (hospitalini), lakini "au marché" (sokoni), "au bureau" (ofisini) na "aux champs" (mashambani). Wakati wa kutoka: "de la mosquée", "de l'hôpital", "du bureau", "des champs".

Kiswahili nacho huunganisha maneno: "na yeye" huwa "naye", "na mimi" huwa "nami". Tofauti ni kwamba kwetu ni hiari. Ukisema "na yeye" hakuna atakayekukosoa. Kifaransa hakitoi hiari hiyo. "À le marché" ni kosa kila mara, hata kama msomaji amekuelewa.

Kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata watahiniwa wazuri. "Le" si kibainishi kila mahali. Wakati mwingine ni kiwakilishi, yaani inasimama badala ya mtu au kitu, kama "m" katika "namwelewa" au "ki" katika "nakielewa". Ikiwa kiwakilishi, haiunganiki:

Je commence à le comprendre. (Naanza kumwelewa.)
J'ai oublié de le faire. (Nimesahau kukifanya.)

Ukiona kitenzi mbele ya "le", iache peke yake. Ukiona nomino, iunganishe.

Miji, visiwa na nchi

Sehemu hii isome polepole, kwa sababu karibu kila barua unayoandika kwa Kifaransa huanza kwa kusema unaishi wapi, na mwenzako anatoka wapi.

Swali la kwanza: je, ni mji? Kama ni mji, tumia "à" bila kibainishi: à Tanga, à Mombasa, à Bujumbura, à Paris. Kutoka: de Tanga, de Mombasa. Miji michache sana ina kibainishi ndani ya jina lake, na hapo ile kanuni ya kuunganisha inarudi. Cairo kwa Kifaransa ni "Le Caire", hivyo "au Caire" na "du Caire".

Swali la pili: kama ni nchi, ni ya jinsia gani? Nchi ambazo jina lake la Kifaransa huishia na "e" kwa kawaida ni za kike, nazo huchukua "en": en Tanzanie, en Zambie, en Somalie, en Éthiopie, en France, en Italie. Nchi za kiume zinazoanza na konsonanti huchukua "au": au Kenya, au Rwanda, au Burundi, au Malawi. Nchi za kiume zinazoanza na irabu hufuata njia ya zile za kike, ili sauti mbili za irabu zisigongane: en Ouganda, en Angola, en Iran. Nchi zenye jina la wingi huchukua "aux": aux Comores, aux Seychelles, aux États-Unis.

Jirani yetu wa kusini ndiye mkaidi. Msumbiji kwa Kifaransa ni "le Mozambique". Jina linaishia na "e", lakini ni la kiume. Kwa hiyo ni "au Mozambique", si "en Mozambique". Zimbabwe ni hivyohivyo: "au Zimbabwe". Ukiongeza Meksiko, "le Mexique", utakuwa umeshika zile ambazo una nafasi kubwa zaidi ya kukutana nazo.

Kongo inahitaji uangalifu wake. Ukisema Congo tu, jina ni la kiume: au Congo. Ukiandika jina kamili la nchi ya Kinshasa na Lubumbashi, neno la kwanza ni "République", nalo ni la kike: en République démocratique du Congo. Angalia ile "du" iliyomo ndani ya jina lenyewe. Ni "de" na "le" zilizoungana. Ukifupisha kuwa RDC, bado ni "en RDC".

Visiwa visivyo na kibainishi hufuata njia ya miji: à Zanzibar, à Pemba, à Mafia, à Madagascar. "En Zanzibar" ni kosa la kawaida, na linatokana na kuiona Zanzibar kama nchi na hapohapo kukumbuka "en Tanzanie". Sentensi hii ina zote mbili, iandike mara kadhaa mpaka mkono uizoee:

J'habite à Zanzibar, en Tanzanie.

Sasa kutoka. Nchi iliyochukua "en" huchukua "de" au "d'" peke yake. Nchi iliyochukua "au" huchukua "du". Iliyochukua "aux" huchukua "des".

Elle vient de Tanzanie.
Il vient d'Ouganda.
Ils viennent du Kenya.
Nous venons des Comores.

Si "de la Tanzanie", kama ni kutoka tu. Lakini usije ukafuta kibainishi kila mahali. Unapotaja nchi kama mwenye kitu, kibainishi hurudi: "Dodoma est la capitale de la Tanzanie." Kiswahili kinakusaidia hapa. Penye "kutoka Tanzania", weka "de Tanzanie". Penye "ya Tanzania" au "wa Tanzania", weka "de la Tanzanie".

Mikoa yetu, kwa kuwa Kifaransa hakina majina yake, huelezwa kwa kuzunguka: "dans la région de Kagera", mkoani Kagera. Kando ya ziwa ni "au bord du lac": "Mon village est au bord du lac Victoria." Kijijini, ukimaanisha kijiji chenu, ni "au village".

Kwa, kwa, kwa

Neno "kwa" la Kiswahili linafanya kazi nyingi kuliko kihusishi chochote cha Kifaransa, na kila kazi ina mwenyewe upande wa pili. Anza na ile iliyo rahisi zaidi, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayokosewa sana.

"Nakwenda kwa daktari." Daktari ni mtu, si mahali. Kifaransa kina kihusishi maalumu cha kwenda au kuwapo mahali pa mtu, nacho ni "chez". Hivyo: "Je vais chez le médecin." Si "au médecin". Hospitali ni mahali, daktari ni mtu: "à l'hôpital", lakini "chez le médecin". Vivyo hivyo "chez le coiffeur" (kwa kinyozi), "chez ma grand-mère" (kwa bibi), "chez Juma" (kwa Juma). Na maneno yetu matamu "kwangu", "kwetu", "kwao" yana wenzao kamili: chez moi, chez nous, chez eux. Mwingereza anayejifunza Kifaransa huhangaika sana na "chez", kwa kuwa lugha yake haina neno kama hilo. Wewe unalo tangu utotoni. Penye "kwa" na mtu, na maana ni mahali pake, andika "chez" bila wasiwasi.

Usafiri una kanuni inayokumbukika. Chombo unachoingia ndani yake huchukua "en". Kile unachokikalia mgongoni, pamoja na miguu yako mwenyewe, huchukua "à". Kwa basi, en bus. Kwa gari, en voiture. Kwa treni, en train. Kwa boti, en bateau. Kwa miguu, à pied. Kwa baiskeli, à vélo. Kwa bodaboda, à moto. Utawasikia Wafaransa wakisema "en vélo" na "en moto" katika mazungumzo, lakini kwenye mtihani shika "à". Tambua pia kwamba ukizungumzia basi fulani, na kilichotokea ndani yake, "en" haifai tena: "J'ai oublié mon cahier dans le bus."

Kifaa huchukua "avec": couper avec un couteau, kukata kwa kisu. Lugha huchukua "en": en français, en swahili. Zawadi au jambo lililokusudiwa mtu huchukua "pour": un cadeau pour ma mère, zawadi kwa ajili ya mama. Kitu kilichopitia njia fulani huchukua "par": par la poste, kwa posta.

Halafu kuna "kwa" ya muda, ambayo nitakaa nayo kidogo.

Najifunza Kifaransa kwa miaka minne sasa.
Nilijifunza Kifaransa kwa miaka minne.

Katika Kiswahili "kwa" ni ileile. Katika Kifaransa lazima ujiulize: je, jambo limekwisha au bado linaendelea? Kama linaendelea, ni "depuis", na kitenzi hubaki katika wakati uliopo:

J'apprends le français depuis quatre ans.

Kama limekwisha, ni "pendant", na kitenzi huwa katika wakati uliopita:

J'ai appris le français pendant quatre ans.

Watahiniwa waliozoea Kiingereza huweka wakati uliopita baada ya kufikiria "depuis", kwa sababu Kiingereza kinataka hivyo. Fuata Kiswahili: "najifunza", wakati uliopo, na hutakosea. "Depuis" pia hubeba maana ya "tangu": "J'habite ici depuis 2019", naishi hapa tangu 2019.

Kihusishi kilichojificha ndani ya kitenzi

Katika sarufi ya Kiswahili umesoma kauli ya kutendea. Andika huwa andikia, leta huwa letea, pigia hutokana na piga. Kauli hiyo ni kihusishi kilichomezwa na kitenzi. Kifaransa hakimezi, hukiweka nje, waziwazi, na mara nyingi ni "à":

Namwandikia mama. J'écris à ma mère.
Nampigia simu mwalimu. Je téléphone au professeur.
Namletea bibi maji. J'apporte de l'eau à ma grand-mère.

Ukisahau "à" utaandika "j'écris ma mère", na mama atakuwa kitu kinachoandikwa, kama barua. Vitenzi vingine vinataka "à" vilevile, kwa sababu kuna mtu anayepokea: donner à (kumpa), dire à (kumwambia), demander à (kumwuliza), répondre à (kumjibu). Kuna na "obéir à", kumtii mtu, na "ressembler à", kufanana na mtu. Hicho cha mwisho hutegwa na "na" yetu: "Nafanana na baba" si "avec mon père" bali "je ressemble à mon père".

Usiichukue kauli ya kutendea kama sheria isiyovunjika, hata hivyo. "Kusaidia" ina sura ya kutendea, lakini "aider" haitaki kihusishi: "J'aide ma mère."

Kwa upande mwingine kuna kundi la vitenzi ambapo Kiswahili ni rafiki yako kuliko Kiingereza. Kiingereza hudai kihusishi baada ya kitenzi cha kusubiri, cha kusikiliza, cha kutafuta na cha kutazama. Kiswahili hakidai, na Kifaransa hakidai:

Nasubiri basi. J'attends le bus.
Nasikiliza redio. J'écoute la radio.
Natafuta kalamu yangu. Je cherche mon stylo.
Natazama picha. Je regarde la photo.

Ukiona umeandika "j'attends pour le bus", ujue umetafsiri kutoka Kiingereza. Futa "pour".

Jambo hili halikomei kwenye kihusishi. Litakufuata hadi kwenye viwakilishi. Kitenzi chenye "à" mbele ya mtu mmoja kwa kawaida huchukua "lui", na kisicho na kihusishi huchukua "le", "la" au "l'": "Je téléphone à ma mère" huwa "je lui téléphone", lakini "j'attends ma mère" huwa "je l'attends". Anayekosea "à" katika swali la vihusishi ana hatari ya kukosea tena katika swali la viwakilishi, hata kama kanuni za viwakilishi anazijua vizuri.

Baadhi ya misemo huchukua "de" mahali ambapo Kiswahili hakina kitu. "Nahitaji kalamu" ni "j'ai besoin d'un stylo". "Naogopa mbwa" ni "j'ai peur des chiens". "Nazungumzia mtihani" ni "je parle de l'examen". Na kucheza kuna mawili: mchezo huchukua "à", ala ya muziki huchukua "de". Jouer au football. Jouer de la guitare.

Mbele ya, nyuma ya, karibu na

Kiswahili huongeza "ya" au "na" karibu kila mara: mbele ya, nyuma ya, juu ya, chini ya, kati ya, karibu na, mbali na. Kifaransa kimegawanyika. Haya hayataki "de": devant, derrière, sur, sous, entre, dans. Haya yanaitaka: à côté de, en face de, près de, loin de, au bord de. Alama ya kukusaidia: ukiondoa "près" na "loin", vihusishi vya mahali vinavyotaka "de" katika orodha hii vimeundwa kwa maneno mawili au zaidi. Neno moja husimama peke yake.

Mbele ya nyumba: devant la maison. Karibu na soko: près du marché. Mkabala na hospitali: en face de l'hôpital. Unaona kwamba "de" ikishaingia, kanuni ya kuungana inaendelea kufanya kazi.

Juu na ndani havilingani kila mara na vya kwetu. Sisi husema ndege yuko juu ya mti. Mfaransa humwona ndege akiwa katikati ya matawi, hivyo husema "dans l'arbre". Redioni ni "à la radio", gazetini ni "dans le journal", barabarani mjini ni "dans la rue". Haya hayana kanuni. Yasome tu mara kwa mara.

Saa na siku

Siku za wiki hazitaki kihusishi, kama zilivyo katika Kiswahili: "Lundi, je vais à Moshi", Jumatatu nakwenda Moshi. Mwezi na mwaka huchukua "en": en juillet, en 2010. Saa huchukua "à".

Ila saa ina mtego usiohusu kihusishi. Kifaransa huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi huhesabu kuanzia macheo na machweo. Saa moja asubuhi ni "à sept heures du matin". Saa mbili usiku ni "à huit heures du soir". Mtahiniwa anayeandika "à une heure du matin" akimaanisha muda wa kwenda shule amemwamsha mwanafunzi saa saba usiku, na kihusishi chake ni sahihi kabisa. Ongeza sita au toa sita kabla ya kuandika.

"Dans" na "en" za muda pia zitenganishwe. "Je pars dans deux heures": naondoka baada ya saa mbili kuanzia sasa. "J'ai fini en deux heures": nimemaliza kwa saa mbili, yaani kazi ilichukua muda huo.

Zoezi

Jaza nafasi zilizoachwa wazi. Kama hakuna kinachohitajika, weka alama ya X. Funika majibu kwa karatasi.

1. Mon frère étudie ___ Bujumbura, ___ Burundi.
2. Les touristes arrivent ___ Italie et vont ___ Zanzibar.
3. Ma tante a mal aux dents. Elle va ___ le dentiste.
4. Nous attendons ___ le bus ___ une heure. (Bado hatujaondoka.)
5. Je vais à l'école ___ pied, mais mon ami vient ___ voiture.
6. Fatuma téléphone ___ parents de Neema.
7. La mosquée est en face ___ hôpital.
8. Le bateau part ___ six heures ___ matin.
9. Le chien dort devant ___ la porte.
10. Tafsiri kwa Kifaransa: Bibi yangu anatoka Msumbiji, lakini anaishi kwetu Mtwara.

Majibu na sababu

1. "À" kwa kuwa Bujumbura ni mji. "Au" kwa kuwa Burundi ni nchi ya kiume inayoanza na konsonanti.
2. "D'" kwa kuwa ni kutoka nchi ya kike inayoanza na irabu; "à" kwa kuwa Zanzibar ni kisiwa kisicho na kibainishi.
3. "Chez". Daktari wa meno ni mtu.
4. X, kisha "depuis". "Attendre" haitaki kihusishi, na kusubiri bado kunaendelea.
5. "À", kisha "en".
6. "Aux", yaani à + les. Ukiandika "les" peke yake umesahau kwamba "téléphoner" inataka "à".
7. "De l'". Haiunganiki kwa sababu hospitali imetanguliwa na "l'".
8. "À", kisha "du". Kwa Kiswahili ni saa kumi na mbili asubuhi.
9. X. "Devant" ni neno moja.
10. Ma grand-mère vient du Mozambique, mais elle habite chez nous à Mtwara. Kama uliandika "de Mozambique", ulidanganywa na ile "e" ya mwisho. Rudi kwenye sehemu ya nchi. Kama uliandika "à nous" badala ya "chez nous", rudi kwenye sehemu ya "kwa".